Kificho Juu ya Magurudumu Manane

Mashariki mwa Ziwa Manitoba,
Oktoba 21

Kwa kaka yangu Haldor,

Hujambo? Shemeji Janelle hajambo? Na watoto je, yule mdogo mwenye pumu, kifua kimetulia? Nauliza haya kwanza kwa sababu ndivyo marehemu mama alivyotufundisha kuandika barua, na pia kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni utaichana kabla hujafika ukurasa wa pili. Sisi huku tu wazima kiasi. Baridi imeanza, miti imebaki mitupu, na jana asubuhi ndoo ya maji ya kuku ilikuwa na ganda la barafu. Mimi mwenyewe afya ninayo. Hasira ninayo zaidi.

Nimekukasirikia, Haldor, tangu siku ile ulipompigia simu jirani yetu Metro Hryciuk. Ulidhani hataniambia? Metro hajaweka siri tangu abatizwe. Alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Kaka yako kapiga simu kutoka Vancouver, anataka niufiche ufunguo wa lile gari mpaka msimu wa kuwinda bata uishe, ati utamzamisha mzee." Kisha akaniuliza, "Sasa nifanyeje, Gudny? Nikuibie, au uniazime tu nikae nao?" Nikampa kahawa na kipande cha keki ya plamu, akala, akaenda zake mikono mitupu. Miaka ishirini na miwili hujakanyaga uwanja huu, leo unatawala funguo zake kwa simu!

Na kwa kuwa umelitukana gari ambalo hujaliona, acha nikueleze nilivyolijenga. Usome mpaka mwisho.

Unajua kwamba mwezi wa tatu baba alipata kiharusi. Ulijulishwa, ukasema pole, ukatuma maua yaliyokuwa yamenyauka yalipofika. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto havimtii tena. Akili nayo huja na kwenda: siku tatu anakumbuka kila kitu, siku ya nne ananiuliza mama amekwenda wapi na mvua hii. Mwezi wa saba alikaa dirishani akiwatazama bata wakipita kuelekea kwenye matete, akasema, "Mwaka huu nitawaona kama paka anavyowaona, kupitia kioo." Hakulia, alicheka. Mimi ndiye niliyekwenda kulia bandani.

Humo bandani ndimo lilimokuwa lile gari la baba mdogo Ketill, la magurudumu manane, linaloogelea ziwani na kupanda ukingo bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa akibebea nyavu wakati wa kuvua chini ya barafu. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti. Nilifungua injini, nikabadilisha minyororo, nikaziba tumbo lake mahali palipopasuka. Kisha nikaanza kujenga kificho cha kuwindia juu yake, ili baba aingie akiwa bandani, aketi, apelekwe mpaka katikati ya matete, apige bata, arudi, bila mguu wake kugusa tope.

Mara ya kwanza nilikosea, na kosa lenyewe ni la kikwetu kabisa. Nilijenga kama tunavyojenga vibanda vya kuvulia juu ya barafu: chuma kitupu, kizito, kisichotikiswa na upepo. Barafu haijali uzito. Maji yanajali. Nilipolishusha kwenye bwawa la ng'ombe, gari lilizama mpaka ukingo ukabaki vidole vinne juu ya maji, na nilipoinama kidogo upande mmoja bwawa likaingia kunisalimia. Metro alikuwa amesimama kwenye uzio. "Gudny," akapaza sauti, "unawafuata bata au kambare?" Nilimtukana kwa Kiaislandi, akanijibu kwa Kiukreni, na kesho yake akaniletea mabomba ya alumini ya kibanda cha mboga cha mkewe kilichoangushwa na upepo.

Kwa mabomba hayo nilijenga upya. Kuta mbili zenye bawaba, moja kila upande. Ukiendesha zimelala juu ya mwili wa gari ili upepo usizishike. Ukifika unazivuta, zinakutana juu ya kichwa, na unabaki mwanya wa kuona. Nikavika magunia na wavu wa zamani, juu yake matete na fito za mierebi. Yale mafungu ya matete alifunga baba. Mia mbili na kitu, Haldor, kwa mkono mmoja na meno. Kila jioni nilimkuta na vumbi la matete kwenye ndevu, anatema mate, ananiamuru nilete mengine, na akiniita jina langu kama anayemwita mfanyakazi mvivu. Sijawahi kuwa na mwezi mzuri kama ule pamoja naye. Nikamchomelea mhimili wa kuegemeza mtutu wa bunduki, wenye vyuma viwili vya kuuzuia usigeuke upande wa mtu mwingine. Unaelewa kwa nini niliviweka.

Nisijifanye sikumbuki. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimesimama barabarani na ndoo ya maziwa, ulipotoka kwenye matete umembeba mbwa wetu Skuggi mikononi, nguo zako zimelowa damu yake. Ulimfuata kwa mtutu bata aliyejeruhiwa, ukaushusha mno, ukapiga, na mbwa alikuwa ndani ya majani. Jambo kama hilo lingeweza kumpata yeyote. Nilimsikia baba, na Metro akamsikia, na nusu ya waumini waliokuwa wakitoka kanisani wakamsikia, akikuambia ni afadhali risasi ile ingekupata wewe. Ulimlaza mbwa chini. Basi la saa nane likakuchukua. Tangu siku hiyo baba hakufuga mbwa mwingine, na hakuna aliyekaa tena upande wa kushoto wa kificho.

Maana desturi ya nyumba hii unaijua kuliko mimi. Wa kulia hupiga. Wa kushoto hupuliza filimbi ya bata, na hupiga tu akiambiwa. Kushoto palikuwa pako. Ulipoondoka nilidhani patakuwa pangu. Nilingoja aniambie. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tano. Alikwenda peke yake, kiti cha kushoto akiweka chupa yake ya chai! Mimi nililea mifugo, nikamuuguza mama mpaka mwisho, nikafanya kazi kwenye karakana ya halmashauri kuchomelea majembe ya kuondolea theluji, na kiti kile kikawa cha chupa. Hiyo ndiyo hasira yangu ya zamani. Hii ya ufunguo ni mpya tu, imekuja kukaa juu yake.

Sasa nikuambie ya Jumamosi ya pili ya mwezi huu. Sikumwambia Metro hilo, na wala sijamwambia mtu yeyote.

Jua lilikuwa limechomoza, upepo wa kaskazini, mawingu ya chini, siku ambayo wewe ungeiomba kwa magoti. Koti langu ni la kazini, la rangi ya machungwa, bata angeliona akiwa Dakota. Basi nikavaa lile koti lako la zamani la rangi ya matope, ambalo baba hajaruhusu litolewe kwenye msumari. Nikajifunika uso kwa wavu. Nikatwaa filimbi yako ya mti. Usishangae kwamba naweza kuipuliza. Utoto wangu wote nilikusikiliza ukifanya mazoezi nyuma ya ukuta wa chumba chetu, nikajifunza kukufuata, mpaka ule mlio wako wa mwisho, ule wa kushuka mara tatu kama mtu anayekata tamaa. Nikampandisha baba, nikamfunga mkanda, tukaenda.

Gari liliogelea, Haldor. Viganja vitatu vizima kati ya ukingo na maji, na mzee mzima ndani, na mimi, na bata bandia ishirini na wanne! Tulipofika nikazima injini, nikawaelesha wale bata bandia majini kama chambo, nikavuta kuta, tukawa kichaka. Baba akatazama huku na huku, akanong'ona, "Fundi gani kakijenga hiki?" Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu.

Walikuja saba, vichwa vya kijani. Nikapuliza. Wakazunguka mara mbili, nikawabembeleza, wakafungua miguu yao ya manjano. Baba akapiga mara moja, mkono mmoja, mtutu juu ya mhimili, na dume likaanguka majini limekufa kabla halijafika. Alivuta pumzi kama kijana. Nilitaka kumkumbatia, lakini kifichoni hakuna kugeukiana. Uso ukigeuka unang'aa, bata wanauona. Mnaketi bega kwa bega mkitazama mbele, na ukisema, unasema na matete.

Basi akasema na matete. Akasema, "Haldor."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaendelea polepole, kwa ulimi wake mzito. Kwamba hiyo filimbi angeitambua hata akiwa kaburini. Kwamba lile neno alilolisema barabarani alilijutia kabla basi halijapinda kona, ila miguu ilikataa kukimbia. Kwamba mbwa ni mbwa. Kwamba aliacha kiti cha kushoto wazi miaka yote hii ili ukirudi usimkute mtu mwingine amekikalia. Kisha akaniuliza, yaani akakuuliza wewe, "Mwanangu, unanisamehe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Ningesema, "Baba, ni mimi Gudny." Nilikuwa na midomo, nilikuwa na nafasi. Lakini nilikuwa nimekaa juu ya chuma nilichokikata kwa mikono yangu, ndani ya matete niliyoyavuna mimi, na kumbe hata pale, hata siku ile, kiti kilikuwa chako. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaishusha sauti ikawa nzito, nikamjibu kwa niaba yako.

Nikasema, "Hapana. Sikusamehe."

Hakugeuka. Akasema, "Sawa. Ni haki yako." Akaifungua bunduki yake, akatoa risasi iliyobaki, akaniomba nimrudishe nyumbani. Bata walikuwa bado wanakuja, makundi kwa makundi, na hatukupiga tena.

Tangu siku hiyo hali chakula ila akilazimishwa. Haketi dirishani. Amenitaka nikigeuze kitanda kielekee ukutani, na nimekigeuza. Daktari alikuja akampima, akasema hakuna kiharusi kipya, labda ni uzee. Mimi najua si uzee. Nilipiga magoti mbele yake mara mbili nikamweleza kwamba aliyekuwa kwenye kiti ni mimi, kwamba nililivaa koti na nikalisema lile neno kwa uchungu wangu mwenyewe. Mara ya kwanza alinipapasa kichwa. Mara ya pili akakasirika, akasema, "Usimtetee kaka yako, Gudny. Nilikaa naye. Wewe hukuwepo."

Ndiyo hivyo. Nimekuibia jibu lako, nikalitoa, na siwezi kulirudisha, maana kwake yeye mimi sikuwepo. Ulihofia nitamzamisha mzee majini, na chombo hakikuingiza hata tone. Nilimzamisha kwa neno moja, tukiwa tumeketi kavu kabisa. Nichukie ukitaka, nafasi ya kuchukiwa ninayo.

Lakini njoo. Sikuombi, nakuambia. Ziwa litafunga kwa barafu katika wiki mbili, na sidhani yeye ana zaidi ya hizo. Usije na maua, na usimwambie Metro lolote. Ingia chumbani, simama upande ule aliogeukia, akuone uso, na umjibu swali lake. Kama jibu lako ni ndiyo, liseme. Kama ni hapana, liseme pia, una haki hiyo tangu siku ya basi, na sitakulaumu. Ila liwe lako. Mpaka sasa anakufa kwa jibu langu.

Msalimie Janelle, mwambie blanketi alilotuma tunalitumia. Wabusu watoto. Metro na mkewe wanakusalimu, na kuku pia, kama wewe bado ni mtu wa kujali kuku. Mlango wa nyuma haufungwi. Bado nimekukasirikia, na wewe njoo umenikasirikia hivyo hivyo.

Ndimi dada yako,
Gudny