Vidonge vya Majirani na Akili ya Mama

Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi, Jumapili jioni. Mvua imepiga tangu asubuhi, tope limefika mlangoni, na mimi niko na furaha kama bwana arusi.

Mnaonisoma mnajua mimi ni mtu wa dunia. Bukavu nimeishi, Bujumbura nimelala, Kampala natembea macho yamefungwa. Shule niliiacha darasa la tano, ilikuwa inanichelewesha. Lakini kwa shida ya Mama, ujanja wote uliniisha.

Mama alikuwa hasahau kitu, hata mbuzi wa jirani wa Uvira aliyekufa kabla sijazaliwa. Tulipoanza kupalilia maharage, akaanza kupotea. Anapika bugali, halafu anauliza nani amepika. Siku moja nikaingia, akanikaribisha kwa heshima:

"Karibu, baba. Unatafuta nani?"

Mimi, mtoto wake.

Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia nyuma ya choo. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema amerogwa. Mke wangu akaanza kumwondoa karibu na moto.

Hapa kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Watu wanaleta vidonge vilivyobaki kwao, kama mtu anavyogawa chumvi. Kabla hajaanza kupotea, Mama alikuwa amelalamika kwamba hapati usingizi. Mama mmoja wa kwaya akaleta vya mafua, jirani Mrundi akaleta vya kuwashwa ngozi, mwingine vya kulalia. Mama akawa anameza vyote kila jioni, asimuudhi mtu.

Nikampeleka Mbarara, kliniki moja njia ya Ruharo. Dokta akamwaga mfuko wa dawa mezani, akasoma, akatenga aina tatu.

"Hii rangi tofauti, lakini kazi ni moja. Kijana inamlaza tu. Mzee inaweza kumharibia kumbukumbu."

Akasema hizo tatu tuziache, ila ile yake ya presha, ya hospitali, aendelee nayo. Nikamuuliza kama Mama atarudi sawa. Akasema hawezi kuapa, tungoje tuone.

Majirani nikawaomba walete ndizi, siyo vidonge. Usiku nikawa nasali kwa Kifaransa, ili Mungu ajue jambo ni zito.

Siku zikapita. Kwanza aliacha kusinzia mchana. Halafu akaanza kugombana na mke wangu juu ya chumvi. Lakini jina langu, hapana.

Leo baada ya ibada mvua ikawafungia wageni kwetu, kwaya karibu nzima. Nikawasimulia tulivyokimbia vita, na jinsi nilivyowakazia macho askari wa mpakani mpaka wakatupisha. Mama akainua kichwa pale kwenye mkeka.

"Bahati, weye? Ulikuwa mu mugongo yangu, ndani ya kitenge. Ulinikojolea mpaka ku miguu. Njo mimi niliongea na basoda."

Bahati. Amesema Bahati.

Kwaya ilicheka mpaka mtu akaanguka toka kwenye kiti. Mimi nikatoka nje, eti naangalia mvua.

Sijawahi kuaibishwa nikasikia raha namna hii. Kesho itabidi nitafute hadithi za fasi, yaani mahali, ambako Mama hakufika, asije akanisahihisha tena.