Mwethya wa Sauti ya Musembi

Jumamosi, 11 Januari

Nimefagia darasa, nimepanga viti, nimechemsha maji ya chai, na hakuna mtu. Saa nne tulisema. Inakaribia saa tano ndiyo Kavata anaingia na mfuko wa ndengu kichwani, eti amepitia sokoni kwanza. Halafu Peter, koti limefungwa mpaka shingoni kwenye hili jua la Migwani. Kyalo yuko Salama, anakuja kwa simu tu, na nyuma yake malori ya barabara ya Mombasa yanapiga honi mpaka hatusikizani. Hicho ndicho kikundi chenyewe.

Kavata anafuga kuku. Peter ni karani wa kanisa letu. Kyalo anatengeneza simu. Mimi nafundisha kompyuta chuo cha ufundi, na nimechoka kufundisha watoto vitu vilivyopitwa na wakati. Nataka tujue yanayokuja kabla hayajatukuta tumekaa tu. Kurasa za wavuti zinazosikia mtu akiongea. Akili unde. Programu zinazofanya kazi hata bando likiisha.

Tumekubaliana tufanye kama mwethya. Mama zetu walichimba matuta hivyo, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Mwenye shamba anasema mchimbe wapi, mnachimba, mnakula muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, mnaenda nyumbani. Mwenye siku haulizwi. Basi na sisi, mwenye zamu anasema anataka tujaribu nini, wengine wanaingia kazini. Wote wamefurahi. Hata mimi, na mimi si mtu wa kufurahi haraka.

Jumanne, 14 Januari

Ofisi ya kusajili vikundi. Kijana wa pale anauliza shughuli yetu ni gani. Kuchunguza mambo mapya ya wavuti. Mnauza nini? Hatuuzi. Mnafuga nini? Hatufugi. Akaniambia kwa heshima zote, Mwalimu Wende, andika kuku, itapita haraka. Nimekataa. Nimerudi bila cheti na kichwa kinauma.

Musembi, mume wangu, amecheka mpaka akakohoa. Anasema mume wa mtu anayelima hewa apewe pole kanisani. Mjinga huyu. Lakini hicho kikohozi sikipendi. Sauti imekwaruza tangu Krismasi, na anasema ni vumbi la ndengu. Kila mwaka ananunua ndengu na kuuza, na vumbi halijawahi kumfanya hivi.

Jumamosi, 18 Januari

Zamu ya Kavata. Anataka ukurasa ambao mteja anaongea tu, "nataka jogoo wawili," na oda inaandikwa. Kyalo amepata njia. Kiswahili unasikia vizuri. Kikamba hausikii kabisa, unaandika maneno ya ajabu. Kavata aliongea na simu kama anagombana na mkwe wake. Tumecheka. Kisha Kyalo akasema kitu kimenikaa: lugha yetu hakuna mtu ameifundisha mashine, na kama si sisi hakuna atakayekuja kuifundisha.

Peter ameomba mwanzo na mwisho. Sala ndefu.

Alhamisi, 30 Januari

Ni saratani. Kwenye koo.

Daktari wa Nairobi alituchorea. Wakimwahi atapona, amesema, ila kisanduku cha sauti lazima kitoke chote. Atapumua kwa tundu la shingoni. Hataongea tena.

Musembi aliuliza kama ataweza kula nyama. Ataweza. Akasema basi sawa. Mimi nikaenda chooni nikalia na mfereji wazi ili nisisikike.

Jumamosi, 1 Februari

Zamu yangu ilikuwa tuangalie kurasa zinazofanya kazi bila mtandao, kwa wanafunzi wangu wa vijijini. Nimeitupa. Nimewaambia nataka sauti ya mume wangu.

Nimesoma kwamba inawezekana. Unamrekodi mtu, unaifundisha mashine, halafu yeye akiandika kwenye ukurasa, unaongea kwa sauti yake. Wenzetu wa lugha kubwa wameshafanya. Kyalo akasema kwa Kikamba itakuwa kazi, lakini tutajaribu.

Peter amekataa. Kwa upole, lakini amekataa. Anasema kumtengenezea mtu sauti ya mashine kabla hajakatwa ni kumwambia Mungu tumeshakata tamaa. Atafunga na kuomba. Nilimwambia afunge, lakini sio kwa zamu yangu. Kavata akamkumbusha kwamba mwenye siku haulizwi. Peter akachukua Biblia yake akatoka.

Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Februari

Tumemrekodi. Kyalo alikuja mwenyewe kutoka Salama na maikrofoni. Tumefunika madirisha kwa blanketi, tumefukuza mbuzi, tumezima friji.

Musembi alivaa suti. Na tai! Sikumwambia avae, na yeye hakuona ajabu. Tulitafuta kitu cha kusoma kwa Kikamba, na nyumbani mwetu kitabu cha Kikamba ni kimoja tu. Akashika Mbivilia. Jumapili nyingi ndiye husoma neno mbele ya kanisa, basi akasimama kama yuko pale mbele. Zaburi. Kisha manabii. Sauti imekwaruza lakini ina nguvu bado. Kavata alikuwa anaitikia Amina mpaka Kyalo akamwomba anyamaze.

Tumerekodi siku nzima na Jumapili mchana tutaendelea. Nilijivunia. Nilimtazama na ile tai nikasema, huyu ndiye wangu.

Jumatatu, 17 Februari

Wamemwingiza leo asubuhi. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa "shika viatu". Nesi alikuwa anasubiri na kiti cha magurudumu. Nikashika viatu.

Daktari anasema imeenda vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Tuko nyumbani. Anakula uji. Tundu la shingoni nalisafisha mwenyewe.

Leo Kyalo ametuma ukurasa. Umekamilika. Tulikaa sebuleni, mimi na Musembi na Ndinda, msichana wetu, ambaye shule imemruhusu siku mbili. Musembi akaandika kwenye simu, naomba maji. Akabonyeza.

Wooi. Sauti ni yake, hakuna mtu anaweza kukataa. Lakini ilitoka kama anahubiri. NAOMBA MAJI, polepole, kila neno limesimama peke yake, na mwisho linashuka kama mtu anafunga kitabu. Ndinda alicheka. Musembi pia mabega yalitingishika, siku hizi kicheko chake hakina sauti. Akaandika lingine. Akaniuliza kama nimekula. Na mashine ikaniuliza kama nimekula vile mwinjilisti anauliza kama umeokoka.

Hapo sikucheka. Nimeolewa na huyu mtu miaka yote hii na hajawahi kuniongelesha hivyo hata siku moja.

Akaandika tena, lakini hakubonyeza. Akanionyesha tu kioo. Huyo si mimi. Huyo ni wa Jumapili.

Akaweka simu mezani, kioo chini.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempigia Kyalo. Nimemfokea. Amenisikiza mpaka mwisho, kisha akaniambia kitu ambacho kimenimaliza kabisa. Alijua. Siku ile ile ya suti alijua. Mashine inajifunza vile unaongea, sio maneno tu, na ukiipa mahubiri itahubiri. Alitaka kusema tumwache Musembi akae, avue tai, apige porojo na Kavata kuhusu bei ya ndengu, tumrekodi hivyo. Kwa nini hukusema? Mwenye siku haulizwi, mwalimu.

Mama zetu hawangeuliza, ni kweli. Lakini tuta likichimbwa vibaya, kesho unalichimba tena. Koo la mume wangu siwezi kulirudisha.

Nimekasirika na Kyalo, na mwethya, na mimi mwenyewe niliyesimama pale nikiona suti inapendeza.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikumbuka jumbe za sauti. Musembi hapendi kuandika, hajawahi kupenda, kila kitu alikuwa anatuma kwa sauti. Nunua chumvi. Fundi amefika. Uko wapi mpaka saa hii. Nilifungua simu yangu mbio.

Hakuna. Desemba simu ilijaa, nikafuta zote ili nipate nafasi ya video za somo. Zote. Nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu amepigwa kofi.

Musembi ameacha kabisa ule ukurasa. Akitaka kitu anagonga meza. Akinitaka mimi anagonga mara nyingi. Nimeanza kuchukia meza.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa nataka kuvunja kikundi leo. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

Peter akaja. Sikumwalika, hajakanyaga hapa tangu atoke na Biblia yake. Akakaa, akafungua koti, akaweka simu yake katikati ya meza na kubonyeza. Musembi akajaa darasani. Musembi wa mwaka jana, koo safi, hasira juu. Anamwambia Peter kwamba mabati aliyochagua ya paa la kanisa hata kuku wa Kavata watakataa kulala chini yake. Anamwambia yeye karani hajui hata kuhesabu misumari. Anamaliza na "haya, salimia mama watoto," kama vile hakutukana mtu.

Kavata alishika mdomo. Mimi nilishika meza.

Ziko nyingi. Ugomvi wa paa ulichukua miezi, na Musembi alikuwa anamtumia Peter sauti asubuhi na jioni, akiwa sokoni, akiwa kwa mizani, akila. Nilimuuliza Peter kwa nini hakuzifuta. Alitazama chini. Alikuwa amezihifadhi azipeleke kwa baraza la wazee wa kanisa kama ushahidi, siku Musembi akizidi. Kisha Musembi akawa mgonjwa.

Alisema hajabadili mawazo, bado anaona kuna kitu si sawa. Lakini wiki hii alimtembelea Musembi, wakakaa saa nzima, na Musembi akagonga meza, na yeye hakujua anataka nini. Akarudi nyumbani hakulala vizuri. Basi.

Halafu akakaa pale pale, na kila tusi alilotukanwa likasikizwa na sisi sote, moja moja, Kyalo akiandika maneno kwa simu kutoka Salama. Hakutoka. Nimemsamehe. Sijui kama nimemwambia.

Jumamosi, 29 Machi

Ilikuwa zamu ya Kyalo. Ameitoa. Wiki iliyopita Peter alitoa ya kwake. Kavata amepita soko lote la Migwani akiuliza wafanyabiashara nani ana sauti ya Baba Ndinda kwenye simu, na wamempa. Humo Musembi anajadili bei. Anamcheka mtu aliyeleta ndengu za mawe. Anauliza mama wa chai deni lake litangoja mpaka lini, na anajijibu mwenyewe.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Toa mbuzi, toa honi, toa upepo. Andika kila neno kwa Kikamba vile amelisema, sio vile linatakiwa kusemwa. Akikohoa tunakata. Akicheka Kyalo anataka tukate pia, anasema mashine haitajua kucheka, lakini mimi nimekataa kukata, na safari hii wameniuliza kwa nini, tukabishana vizuri, na vicheko tumeviacha.

Musembi hajui. Ama anajua, Migwani hakuna siri. Anatembea mpaka lango na kurudi. Amekonda.

Jumatano, 2 Aprili

Kyalo ametuma sauti mpya. Nimeiweka kwenye simu ya Musembi, nikamwambia iko pale, basi. Sikubonyeza. Naogopa kuliko siku ya upasuaji.

Hajaigusa. Sijamuuliza.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa jikoni napiga nguo pasi, nimechelewa, wanafunzi wana mtihani, na stima inapotea na kurudi. Nyuma yangu nikasikia, "Wende, nani ameacha taa ya nje inawaka mchana?"

Nikasema, bila kugeuka, kwamba aliyeiwasha anajijua, na kama imemkera ana mikono, aende azime. Nikasema na lingine juu ya hilo, la mama yake, ambalo sitaliandika. Na nikageuza kola upande wa pili.

Ndipo mkono ukasimama.

Nilisikia ndala zake zikivuka sebule. Swichi ikalia. Ndala zikarudi, kiti kikavutwa, akakaa. Sikugeuka bado, kwa sababu ya machozi, na kwa sababu alikuwa ameanza kuandika kitu kingine na nilijua ni cha kunijibu. Nikanyunyiza maji kwenye shati na kungoja.