Shahidi wa Timu Pinzani

Matombo, 7 Julai 2025

Mwanangu Dominiko,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, ni magoti tu yananisumbua nikishuka kuchota maji. Natumaini na wewe u mzima, maana nataka nikugombeze ukiwa mzima.

Salehe, dereva wa Fuso ya ndizi, kaniletea habari. Anasema pale kijiweni kwa Abuu mnaandika ukutani vioja kumi vya michezo kwa rangi ya mafuta, na mwandishi ni wewe, fundi mabango. Anasema kioja cha marehemu mama yako mmekikataa. Ati uzushi! Dada yangu Cecilia, fainali ya mpira wa pete, Mkuyuni, mwaka tisini na tatu, kafunga magoli thelathini na moja na hakukosa hata mara moja. Nilikuwa senta, mipira ile nilimpa kwa mikono yangu hii. Na wewe ulikuwepo, umelazwa pembeni kwenye kanga, unalilia kunyonya.

Halafu nasikia tembo wa Kisaki kakubaliwa! Tembo kaingia uwanjani, golikipa kafungwa akimshangaa, basi hicho ni kioja. Mama yako hapana. Huoni haya?

Nijibu kwa barua. Simu sitaki, huku inakatika nikiwa katikati ya hasira.

Mama yako mdogo,
Winfrida


Mwembesongo, 10 Julai 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Milele, amina. Barua imefika pamoja na ndizi, asante sana. Pole na magoti. Sisi wazima, mkweo Brenda anakusalimu na anasema umenigombeza kidogo mno.

Mama, sikukataa mimi. Kijiwe kina sheria. Pale kila mtu na mchezo wake, Abuu soka, Mwinjuma ngumi, wengine drafti, na kila mmoja anauona mchezo wa mwenzake upuuzi. Mwaka juzi nusura watwangane kwa ajili ya uongo wa mtu. Ndipo tukakubaliana kwamba kioja hakiandikwi mpaka apatikane shahidi wa timu pinzani, kwa kuwa hakuna anayejidhalilisha kwa kumsifu mpinzani bure. Golikipa wa Kisaki alikuja mwenyewe, watu wakamcheka mpaka basi, lakini akasema.

Sisi shahidi wetu nani? Wewe ni dada yake na ulikuwa timu yake. Naandika ukuta Jumamosi tarehe 26. Nafasi ya kumi ingali wazi, na Mwinjuma anaitaka kwa bondia wake aliyejiangusha mwenyewe kabla ya kengele. Hivi aliyekuwa anamkaba mama yangu siku ile yuko hai?

Mwanao,
Dominiko


Matombo, 13 Julai 2025

Dominiko,

Salamu nimezipokea, na magoti yangu bado yanauma. Mwambie Brenda nampenda.

Yuko hai! Tena ana afya yake. Anaitwa Irene, anauza machungwa sokoni Mkuyuni, pale pale njiani. Miaka thelathini na miwili kila nikienda mjini, gari likifika pale nageuza uso. Hukuambiwa kwa sababu mama yako alitukataza kumsema mtu.

Sasa nakuambia. Tulikuwa thelathini na moja kwa thelathini na moja. Cecilia karusha tena, mpira ukapita kwenye pete, nimeuona kwa macho yangu. Refa anasema filimbi ya mwisho imetangulia. Basi akamuuliza Irene, aliyekuwa chini ya pete: mpira ulipita kabla au baada? Irene kainamisha kichwa. Kimya! Ikarushwa shilingi, kikombe kikabaki kwao. Mama yako alirudi Matombo kwa miguu, wewe mgongoni. Nilikuandikia thelathini na moja kwa kuwa ndiyo yaliyohesabiwa.

Huyo ndiye umwite shahidi? Nakukataza. Heri mumwandike huyo bondia.

Mama yako mdogo,
Winfrida


Mwembesongo, 27 Julai 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Najua umekaa wiki mbili bila barua yangu na magoti yamezidi kuuma kwa hasira. Nimekuasi. Nilikwenda Mkuyuni.

Nilimkuta anapanga machungwa. Kabla sijajitambulisha akaniambia, "Wewe ni wa Cecilia. Mtoto uliyelia mechi nzima." Nikamweleza habari ya ukuta. Akaniuzia machungwa, akamgeukia mteja mwingine, nikarudi nimenyong'onyea.

Jana nimeshika brashi, naanza herufi ya kwanza ya bondia, Fuso ya Salehe ikasimama. Akashuka Irene na mfuko wa rambo. Mwinjuma akamuuliza, "Mama, ni kweli alifunga thelathini na moja bila kukosa?" Mama mdogo, yule mama aliwaka! "Thelathini na moja ya nani? Thelathini na mbili! Mpira ulishapita kwenye pete, uko mikononi mwangu, ndipo filimbi ikalia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, timu nzima inanitazama. Niliogopa."

Akatoa mfukoni kikombe cha fainali ile. Alikuwa akihifadhi humo mbegu za maharage. Hakuna aliyecheka. Mwinjuma mwenyewe akachukua kitambaa, akafuta herufi ya bondia wake, akaniambia, "Andika." Nimeandika CECILIA, MITUPO 32, MAGOLI 32, na nililia mbele ya watu wote.

Kikombe kinakuja na Salehe, kwenye tenga. Irene anauliza kama anaruhusiwa kukusalimia.

Mwanao,
Dominiko


Matombo, 30 Julai 2025

Mwanangu Dominiko,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeniasi, na nitakusema mpaka Krismasi.

Kikombe kimefika. Kidogo hivi! Miaka yote nilidhani ni kikubwa. Nimekisugua kwa majivu, nikakipeleka kaburini kwa mama yako, nikamsomea barua yako yote. Nimelia kwa hasira, mwanangu. Angeyasikia maneno hayo angali hai! Huyo Irene alishindwa nini kulisimamisha gari hata siku moja? Na mimi je, nilishindwa nini kushuka?

Salamu za kuletewa sizitaki. Siku ya soko nashuka Mkuyuni mwenyewe. Mwambie asikimbie, nitamfokea kwanza, machungwa baadaye.

Na wewe bado sijakumaliza. Salehe anasema ukutani umeandika jina la mfungaji peke yake. Alijipasia mwenyewe? Chukua brashi yako urudi pale. Pasi ya goli la thelathini na mbili nilitoa mimi. Kama kijiwe hakiniamini, kamuulizeni Irene.

Mama yako mdogo,
Winfrida