Sauna ya Wifi Bahati

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na barabara yetu hapa Kasongo imegeuka uji. Watu wa pikipiki wamejibanza kwenye vibaraza vya maduka. Mimi niko ndani, nimevaa sweta ya mume wangu, na roho yangu si nzuri.

Nina wivu. Afadhali nimeandika, sasa naweza kuendelea.

Kwa wasiomjua, Bahati ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu Idi, yule anayenunua dhahabu kwa wachimbaji wa Lusangi na kufika nyumbani mara mojamoja, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mwezi uliopita Idi alimletea mkewe sauna. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni chungu na mablanketi kama tunavyofanya sisi. Kumbe ni sauna ya infraredi: kihema cha kitambaa kizito, ndani kuna kiti, na kwenye kuta zake kuna vibao vya umeme vinavyotoa joto. Unakaa, unafunga zipu hadi shingoni, kichwa kinabaki nje kama cha kobe. Hakuna maji, hakuna mvuke, hakuna moshi. Joto linakuingia mwilini lenyewe, jasho linatoka. Jenereta ikianza kunguruma mtaa mzima unajua Bahati yuko kwenye sauna.

Na ngozi yake, jamani. Mashavu yanang'aa kama kayapaka mawese, na hajapaka kitu. Anasema kiuno kimeacha kumuuma na usingizi umerudi. Anaweka picha za uso wake kwenye simu, matone ya jasho kwenye paji, na ua jekundu pembeni. Naziangalia zote. Nazikuza kwa vidole viwili nitafute doa, na sijapata hata moja. Mimi mimba ya Amani iliniachia madoa usoni, na Amani sasa ananipita kwa urefu, madoa bado yapo.

Jumamosi aliniita nijaribu. Nilienda kwa shingo upande, lakini nilienda mbio. Akanipa maji ya kunywa kwanza, akanikataza kupaka mafuta, akanifunga zipu. Asichojua ni kwamba nilikuwa nimeficha majani ya mndimu kwenye kitenge, kwa sababu kwangu jasho lisilo na harufu ya majani si dawa, ni uchovu tu. Nikayaegemeza kwenye kibao cha moto. Muda si mrefu chumba kikaanza kunuka jiko la mkaa. Bahati alifungua ile zipu kwa haraka huku akicheka mpaka akakaa chini. Majani yalikuwa yamekauka kabisa, mengine meusi pembeni.

Mgongo wangu ulilegea siku ile kama haujawahi kubeba kitu. Nililala usingizi wa mtoto. Bahati aliponiuliza nimeonaje, nilimjibu, "Kawaida tu."

Lakini sauna yenyewe ningeizoea. Kilichonikaba ni Riziki.

Riziki ni binti wa kaka yangu mkubwa, na anaolewa Jumapili. Kwetu bibi arusi hufukizwa wiki ya arusi yake, na anayemfukiza ni shangazi yake. Si mama, si jirani. Shangazi. Ninachemsha majani ya mapera, ya mndimu, mchaichai na mkaratusi, naweka chungu katikati, tunakaa wawili tukikizunguka na kujifunika mablanketi mazito. Mle gizani ndimo maneno ya ndoa yanamosemwa, maneno ambayo huwezi kumwambia mtoto wa kaka yako mkitazamana macho. Nimewafukiza mabinti wengi wa ukoo huu. Ni kazi yangu, na kusema kweli ndiyo kazi pekee ambayo watu huja kuniomba kwa heshima, wamevaa vizuri.

Jumatatu Riziki alinijia akiwa ameinamisha kichwa. "Shangazi, usikasirike. Mi nataka kufanya ile ya mama mudogo Bahati. Ile ya mablanketi naiogopa, nitakosa pumuzi."

Nilimwambia hakuna shida, mwanangu. Kisha nikaenda uani nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Nilijiona nimeachishwa kazi. Bahati ana nyumba ya bati jipya, ana mume anayeleta vitu kutoka mbali, ana uso ule. Mimi nilikuwa na chungu changu na jina la shangazi. Sasa alitaka na hilo. Nilimlaani kimoyomoyo nikiwa naswali, naomba Mungu anisamehe, na sina uhakika kama nimeacha. Nilitamani hata jenereta iharibike.

Haikuharibika. Jana mchana niliisikia ikinguruma, nikavaa viatu.

Mlango wa Bahati ulikuwa wazi. Nilisimama kwenye pazia. Riziki alikuwa kwenye kihema, kichwa nje, uso umelowa. Bahati amekaa kwenye kigoda mbele yake, kitambaa mkononi, anamfuta paji la uso. Na alikuwa anasema. Anasema yale ya gizani mchana kweupe, wakitazamana.

"Mutoto, mimi sitakudanganya. Hii mashini, baba yako mudogo aliniletea wakati nilishajua iko na bibi mwingine kule Lusangi. Aliniambia, ingia humu, ngozi itarudi kama zamani. Nikaingia. Ngozi ilirudi, lakini yeye bado analala Lusangi."

Machozi yalianza kumtoka Riziki.

"Bwana akikuletea kitu kikubwa na hakuna sababu, umuulize sababu," Bahati akaendelea. "Uulize ukingali bibi mupya. Usingoje kama mimi nilivyongoja."

Sikujua. Idi ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, na sikujua ana mwanamke mwingine Lusangi. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia Bahati papo hapo. Huruma ilikuja, lakini ilichelewa njiani. Kilichotangulia ni wivu ule ule, mkali kuliko wa siku zote, kwamba yale maneno yalikuwa yangu kuyasema na ameyasema yeye. Na ameyasema vizuri.

Mimi mle kwenye mablanketi husema nini? Vumilia. Jua kupika. Maneno ya nyumba yasitoke nje. Shangazi yangu aliniambia hayo, nami nimewaambia wote, neno kwa neno, na wote walitoka wakiwa wamelowa jasho na kunishukuru. Hakuna aliyetoka analia. Riziki jana alikuwa analia na hakuificha sura yake.

Bahati aligeuka akaniona. Nilitegemea ataona haya. Alinyanyuka tu, akaninyooshea kitambaa.

"Wifi, karibu. Hii kiti iko yako. Mi nilikuwa nakungojea."

Nikakaa. Nikamfuta Riziki shingo, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Mikono yangu iliijua kazi. Mdomo ndio uliokosa pa kuanzia. Nilikuwa karibu kusema vumilia, nikaona jinsi anavyonitazama, nikaliacha.

Ndipo akaniuliza. Miaka yote hii hakuna bibi arusi aliyewahi kuniuliza, labda kwa sababu kwenye giza watu hawaulizi.

"Na wewe, shangazi? Bwana yako iko namna gani?"

Bahati alikuwa amesimama dirishani, akatutazama. Nilimwambia Riziki, "Funga macho, jasho lisikuingie."

Akafunga. Jenereta ikaendelea kunguruma. Muda ulipokwisha nilimfungulia zipu, nikamkabidhi kanga, nikarudi nyumbani bila kunywa chai niliyowekewa.

Tangu hapo sijatulia. Nimempigia Idi mara mbili, hashiki simu. Nikimpata nitamwambia lake, lakini hilo ni la Idi. La Riziki ni langu. Bahati aliulizwa na maisha akajibu mbele ya mtoto, na uso wake ule mzuri ukiwa wazi. Mimi niliulizwa swali jepesi nikajificha nyuma ya jasho la mwenzangu. Ngozi yake naweza kumwachia. Hili siwezi, hili linaniuma.

Na jibu nilikuwa nalo. Limenikalia ulimini tangu jana.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi, hana mwanamke mwingine, na chakula hakijakosekana humu ndani. Hata sasa yuko hapa hapa, anasikiliza redio, mvua inatupigia bati juu ya vichwa. Nimeandika blogu hii miaka sasa, kwenye kiti hiki, nikiwa nimekaa karibu naye kiasi kwamba nikinyoosha mguu namgusa. Hajawahi kuniuliza ninaandika nini.

Kesho naenda kumwambia Riziki hilo, mchana, nikimtazama.