Mwongo Bora wa Kaunti na Tembe za Tumbo

Otter Lick, West Virginia
3 Machi 2024

Mpwa wangu Rhonda,

Hujambo huko Charleston? Huku milimani sote wazima, isipokuwa mdomo wangu. Zile tembe za tumbo nilizomeza miaka mitano zimenifanya nitafune bila chakula, na jicho la kushoto linakonyeza lenyewe. Jumapili limemkonyeza mke wa mchungaji. Mnadani ndiko kwenye balaa, maana kule mtu hukonyeza kuongeza bei. Nimerudi na fahali wawili na mbuzi kipofu. Mwezi jana daktari mpya akasema kisa ni tembe, na huenda nisipone. Mimi, ninayesifika kaunti tatu kwa ulimi! Wewe uko ofisi ya wakili. Nataka kuwashtaki waliozitengeneza.

Mjomba Dorsey

Charleston, 9 Machi

Mjomba, shikamoo. Mbuzi hajambo?

Wakili wangu, Bi Pruitt, anasema kesi ipo ila tuchunge muda. Sheria yetu inakupa miaka miwili. Ukichelewa hata siku moja umeikosa, hata ukitafuna mbele ya jaji. Na miaka hiyo inaanza siku uliyojua, au ulipopaswa kujua, kwamba dawa ndiyo iliyokudhuru. Tukihesabu tangu daktari alipokuambia, ni mwezi jana tu, tuko salama. Kuna aliyekuambia kabla yake? Na tafadhali, kwa sasa usimsimulie mtu. Najua naomba makubwa.

Mpwa wako Rhonda

Otter Lick, 15 Machi

Rhonda mwanangu, salamu tele.

Aniambie nani? Mimi ndiye niliyewaambia wao, madaktari wakiwa wamelala. Oktoba 2020, kwenye shindano la waongo la maonyesho ya kaunti, nilisimulia jukwaani kwamba tembe za tumbo zimenifanya nicheue mpaka ng'ombe wakaniita binamu na daktari wa mifugo akanichanja. Elwood Cantley, bingwa wa miaka yote, alishindwa hata kuinuka kitini. Nikapewa ndoo ya shaba, tuzo ya mwongo bora. Gazeti liliandika neno kwa neno. Nimekuwekea humu ndani uone nilivyowatangulia.

Mjomba Dorsey

Charleston, 20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma, kisha nikalaza kichwa mezani. Kampuni ikilipata gazeti hili itasema ulijua tangu 2020. Bi Pruitt anauliza jambo moja, na jibu lake utaliapia: siku ile uliamini kweli kwamba ni tembe? Kama uliamini, hatuna kesi.

Rhonda

Otter Lick, 2 Aprili

Rhonda,

Mzima? Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu limegoma kutoka.

Sikuamini. Mdomo ulikuwa umeanza kutafuna, ila nilidhani meno ya bandia hayanikai vizuri. Tembe niliitaja kwa kuwa kichupa kilikuwa mfukoni. Ningejua, ningeendelea kuzimeza? Nitaapa hivyo, ingawa inaniuma kukiri kwamba sikujua kitu.

Sasa, ile habari ya daktari nilimdokeza kinyozi kidogo tu. Jana Elwood kaja na kamati nzima ya shindano. Kanuni yao ni moja: hadithi ya kweli haishindani. Nikawaambia wakati ule ilikuwa uongo mtupu, haikuwa kosa langu kwamba imegeuka kweli. Elwood akaniangalia kwa masikitiko. "Dorsey," akasema, "wenzako tulidanganya kwa uaminifu."

Wameondoka na ndoo.

Mwambie Bi Pruitt afungue kesi kesho asubuhi. Na kwenye hasara nilizopata kwa dawa hiyo, kabla ya mdomo na jicho, aandike: ubingwa.

Mjomba wako,
Dorsey