Mgonjwa wa Jumamosi

Kwa mdogo wangu mpendwa, Kidoti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji yangu, na kwamba goti lako halikusumbui tena kama ulivyoniandikia. Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu, na uniwie radhi pia kwa urefu wa haya yanayofuata. Unakumbuka masista walivyotufunza kwamba kuandika barua fupi ni kama kumgongea mtu mlango kisha ukakimbia.

Umeniuliza, na si mara moja, kwa nini siondoki hapa kwa mwanangu nikaja kukaa kwako, kwenye kile chumba cha nyuma ulichonitengenezea. Kila mara nilikujibu kwamba nina nafasi yangu katika nyumba hii. Sikukudanganya. Tangu wifi yako afariki, nafasi yangu ilikuwa Jumamosi. Siku nyingine mwanangu hunipita sebuleni kama anavyolipita kabati la urithi, ambalo halitumiki wala halitupiki. Lakini Jumamosi asubuhi mkaza mwanangu alinibishia mlango, akaniita Baba, akanivalisha koti, tukaenda soko kuu. Niliishikilia siku hiyo kwa mikono miwili.

Soko lenyewe ni la kale kuliko mtu yeyote anayeuza ndani yake. Lina matao ya mawe, nguzo za chuma zilizoliwa na kutu, na saa kubwa ambayo haijasogea tangu nilipokuwa kijana. Ukiingia, harufu ya samaki ndiyo inayokupokea, kisha nyama, kisha bizari na pilipili, na mwisho ile dawa ya nondo iliyo katika mitumba. Wauzaji hutukanana kwa upendo na kumvuta mteja mkono kana kwamba ametoroka kwao. Watalii huja kulipiga picha. Nami nilitembea humo nikiwa nimeshikwa kiwiko na mkaza mwanangu, nikijiona mtu mwenye watu.

Nilikistaajabia sana kipaji chake cha kununua. Hakubishana bei hata kidogo. Alinisimamisha mbele ya meza, akashusha pumzi, akaniuliza kwa upole kama nautamani ule mnofu. Kwa kuwa tulifunzwa kwamba mtu mwenye adabu hukataa kwanza, nilimjibu kila mara asijisumbue kwa ajili yangu, kwamba wauzaji hawa nao wana watoto wa kulisha, na kwamba mimi hunitosha chochote. Hapo muuzaji aliniangalia kwa macho yaliyolowa, na bei ikaanguka yenyewe. Nilidhani, Mungu anisamehe majivuno yangu, kwamba adabu bado ina thamani mjini. Sikujiuliza kwa nini koti alilonivalisha lilikuwa daima lile lililochanika kwapani. Alisema lile la bluu litachafuliwa na magamba. Wala sikujiuliza kwa nini alinikataza kunyoa Ijumaa, eti ngozi ya wazee hukauka.

Muuza samaki tuliyekuwa tukinunua kwake ni mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye soko zima humwita Mama Magamba. Jumamosi moja mkaza mwanangu alikwenda upande wa mitumba, akaniacha nimekaa juu ya kreti kando ya meza ya mama huyo. Mama Magamba aliinama, akaniamkia, akaniuliza kama supu bado inapita au sasa hata maji yanakwama. Sikumwelewa. Akaniambia nisimwonee aibu, kwa maana binti yangu amekwisha kuwaeleza wote habari za uvimbe wa kooni, kwamba madaktari wamenyoosha mikono, na kwamba hamu yangu pekee iliyobaki ni kula vizuri kila Jumamosi mpaka siku yenyewe ifike. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba mimi ni mzima kabisa. Alijishika kichwa. Alianza kulia kwa sauti, akamwita mchinjaji wa meza ya jirani, akasema jamani, kumbe mzee wa watu hajaambiwa, na yeye ndiye amemwambia!

Mchinjaji si mtu wa machozi. Alisema kwamba kule kwenye nyama mimi huitwa Marehemu Mtarajiwa, na kwamba wamewekeana dau kama nitauvuka mwezi. Yeye alikwisha kula hasara mara mbili kwa ajili yangu, na angeshukuru kama ningekufa kwa ratiba kama watu wengine. Wenzake walicheka mpaka mapanga yakawatoka mikononi.

Unanijua sina hasira. Siku ile nilipanda juu ya kreti. Niliwaomba radhi kwa kuwakatizia biashara, kisha nikatangaza kwamba sina uvimbe wala sijawahi kuwa nao. Mmoja akasema ndivyo wanavyosema wote. Basi nikamwomba muuza viungo pilipili kavu na kipande cha mkate mgumu, nikavitafuna na kuvimeza mbele yao bila tone la maji, machozi yakinichuruzika, kisha nikafungua kinywa na kuwaonyesha, kama mtoto kwa daktari wa meno. Hapo wakaniamini.

Mkaza mwanangu alirudi na furaha yake, ameshika blauzi aliyoipata karibu bure kwa hisani ya koo langu. Walimzunguka. Mama Magamba alitia mkono kapuni akawatoa samaki wake mmoja baada ya mwingine. Mchinjaji alichukua nyama yake. Muuza mitumba aliinyakua blauzi na, kwa kuwa hata koti nililovaa lilitoka kwake kwa huruma, akanivua hilo pia. Tulisindikizwa hadi langoni kwa vigelegele na maganda ya machungwa. Walimwita mkaza mwanangu mchuuza wagonjwa, wakamuuliza kama amebakiwa na mjomba yeyote wa kuuza. Ganda moja lilinipiga shingoni, na sikujua lilikuwa limelengwa kwa nani kati yetu. Watalii walipiga picha.

Nilidhani mwanangu angeona aibu. Aliona hasara. Alisema mezani kwamba, kwa kuwa baba ameupenda sana ukweli, basi ndio atakaoula jioni hii, na akaivuta sahani yangu upande wake. Tangu hapo wananunua chakula dukani. Mkaza mwanangu anapopakua hutangaza ni nani aliyekifanya kipande kiwe kidogo hivyo, na wajukuu hunigeukia na kunitazama. Jumamosi hakuna anayebisha mlango wangu.

Ningeyameza hayo yote, Kidoti, na nisingekusumbua. Lililonifanya nishike kalamu ni kwamba koo langu linauma. Mwanzoni nilidhani ni ile pilipili. Kisha wali ukaanza kukwama, ukafuata uji, na asubuhi moja nilitema damu kwenye sinki. Nilipowaambia, mkaza mwanangu alicheka mpaka akajishika ubavu. Aliniambia nimechelewa, na kwamba kama ningejituma hivi siku ile, leo tungekuwa tunakula minofu. Mwanangu hakucheka. Alisema tu kwamba hilo la damu ni zuri, kwamba katika kuigiza kwangu sikuwahi kufika hapo, akaigeukia runinga yake.

Nilikwenda hospitali peke yangu. Daktari, kijana mpole sana, aliniambia kwamba uvimbe upo, ni ule mbaya, na umepita mahali pa kukatwa. Alinikataza kusafiri. Aliniuliza ni nani anayeniangalia nyumbani, nami nikamjibu kwamba nina familia kubwa. Naomba radhi kwa uongo huo. Alikuwa amenishika mkono, na sikutaka kumharibia siku.

Kutoka hapo nilipitia sokoni, kwa sababu kitu pekee kinachonipita vizuri ni supu ya kichwa cha samaki. Nilimwomba Mama Magamba kichwa kimoja kwa bei kamili, na alipouliza ni cha nini, nilimwambia ukweli. Aliimwaga ndoo ya maji ya kuoshea samaki miguuni pangu. Alisema alikwisha kunililia mara moja, na kama nataka machozi mengine nikayatafute meza nyingine. Mchinjaji aliuliza kwa sauti kama dau lifunguliwe upya. Niliwashukuru, nikaondoka na viatu vilivyolowa.

Hivyo, mdogo wangu, jibu la swali lako limebadilika, na samahani kwamba limebadilika wakati halina faida tena. Ningekuja, lakini sasa siwezi. Nakuomba uje wewe, na uje upesi. Mkaza mwanangu atakufungulia mlango kwa heshima na kukuambia kwamba ninaigiza. Tafadhali usibishane naye, kwani ana watoto wanaosikia. Mpite tu, uje chumbani. Huenda wakati huo sauti itakuwa imekatika, na nitakuwa mwenyeji mbaya. Ukae kitini, unitazame. Ningependa mtu mmoja aniamini bila mimi kufungua kinywa.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na umwombe radhi kwa kukuondoa nyumbani. Mwanangu na mkewe hawajui kwamba nakuandikia, na kwa hiyo hawakuniagiza salamu. Nimeona si vizuri barua itoke katika nyumba yao bila hizo. Basi wanakusalimu sana.

Ni mimi, kwa upendo na heshima,

Kaka yako mkubwa