Pikipiki Iliyolaza Soko Chini

Furaha mujukuu wangu,

Hapa Murara tuko wazima. Bibi yako ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo goti lake limepona.

Unauliza kwa nini pikipiki yako inakohoa na kupiga kama risasi. Yangu ya ujanani ilipasuka hivyo Munigi, na soko lote likalala chini, hata padri aliyekuwa ananunua viazi. Musichana aliyemuuzia alinyanyuka wa kwanza, akanitukana mpaka nikasahau jina langu.

Fundi akabadilisha buji ya kuwasha moto, akasafisha kabureta, akasema injini imekufa. Lakini kila akifungua tenki kuangalia mafuta, ilitembea vizuri kidogo, halafu ikaanza tena kupasuka.

Niliporudi Munigi kuomba musamaha, yule musichana aliuliza kwa nini kifuniko cha tenki kimefungwa mufuko wa plastiki. Nikamujibu kwa majivuno kwamba nazuia majivu ya volkano. Kumbe nilikuwa nimeziba katundu ka hewa, na mafuta hayashuki. Akautoa mwenyewe. Leo unamuita bibi.

Nimeona picha uliyotuma. Huko Kisangani hakuna volkano, lakini tenki yako umeivalisha mufuko, nadhani kwa ajili ya mvua. Bibi yako ameiona pia. Akanitazama mimi.

Babu yako